Barua Aliyoikosa Mama Mvuke

Ukiingia hospitali ile kwa mlango wa mbele, huwezi kufika kwa Mama Mvuke hata ukipotea kwa makusudi. Chumba chake kiko chini, nyuma ya chumba cha dobi, mwisho wa korido ambayo taa yake moja huwaka inapojisikia. Mlangoni pameandikwa "Chumba cha Kutakasia Vifaa", na chini yake mtu ameongeza kwa kalamu, "Piga hodi, kuna mvuke." Aliyeongeza ni yeye mwenyewe, baada ya daktari mmoja kuingia bila kubisha, akatoka miwani imejaa ukungu na heshima imepungua.

Kazi ya humo ndani ni rahisi kuieleza na ngumu kuipenda. Mikasi, koleo na visu vilivyotumika kwenye upasuaji huingia kwa dirisha la upande mmoja vikiwa na damu. Huloweshwa, husuguliwa kwa burashi, hukaushwa, hupangwa kwenye trei, kisha hufungwa kwa vitambaa viwili kuwa furushi. Furushi hubandikwa utepe, huingizwa kwenye mtambo wa mvuke ambao wao wenyewe huuita jiko, na baada ya saa moja na kitu hutokea upande wa pili. Utepe wa nje hutoa mistari myeusi ukipata joto. Lakini utepe husema tu kwamba furushi limeonja moto. Hausemi kama mvuke ulipenya mpaka ndani. Kwa hiyo katika kila mpiko, ndani kabisa ya furushi la katikati, huwekwa kikaratasi cha kipimo ambacho hubadilika rangi mambo yakienda sawa, na baadaye hubandikwa kwenye daftari.

Ajabu ya kazi hii ni kwamba aliyeifanya vizuri na aliyeifanya ovyo hutoa kitu kilekile kwa macho. Huwezi kuona, kunusa wala kupapasa ukajua. Mgonjwa akianza kuvuja usaha siku ya tano, lawama humwangukia daktari, au muuguzi, au mgonjwa mwenyewe kwa kutosikia maagizo. Huwa hazishuki ngazi mpaka nyuma ya dobi. Mama Mvuke alikuwa amekaa humo miaka ishirini na mbili, minne ya mwisho akiwa kaimu mkuu wa chumba, maana yake alifanya kazi ya mkuu na kuitwa kaimu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa ulimi, mwenye mikono iliyobabuka kwa dawa mpaka kwenye viwiko. Watoto wake walikuwa wakubwa na wanajitegemea, mumewe alikuwa ameondoka zamani na hakuna aliyekwenda kumtafuta. Jambo jingine ambalo watu walilijua juu yake ni kwamba hakuwa na dini. Si kwamba aligombana na mtu. Hakufiwa akakufuru, wala hakusoma vitabu vya kumpotosha, ingawa majirani walihangaika sana kutafuta sababu ya aina hiyo. Siku moja ya ibada alibaki nyumbani kufua mapazia. Ya pili alibaki kwa sababu ya mvua. Ya tatu hakuwa na sababu yoyote, akakaa tu, akanywa chai yake, akajipapasa moyoni kama mtu anayetafuta jino lililokuwa likiuma, akaona haliumi. Alikuwa haamini. Na kwa kadiri alivyoweza kukumbuka, alikuwa haamini tangu siku nyingi ila hakuwa amepata nafasi ya kuligundua.

Mdogo wake alilia wiki nzima. Alikuwa na haki ya kulia, maana mumewe ndiye aliyekuwa kiongozi wa nyumba ya ibada ya mtaa ule, na aibu yenyewe ilikuwa inakaa mstari wa mbele kila wiki. Lakini huyo shemeji hakumpigia Mama Mvuke kelele hata siku moja. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa sauti ya chini, na kila mara wifi na mashangazi walipokusanyika kwake kula, alifupisha dua ya mezani kusudi chakula cha Mama Mvuke kisipoe akisubiri mambo yasiyomhusu. Mama Mvuke alikiona kitendo hicho na alikithamini, ingawa hakuwahi kumwambia.

Basi mwaka ule hospitali ikaamua kwamba ukaimu umezeeka, ateuliwe mkuu kamili. Tangazo likabandikwa. Uzoefu anao, vyeti anavyo, na mwisho wa orodha ya masharti pakaandikwa kwamba mwombaji alete barua ya kiongozi wa dini anayemfahamu. Mama Mvuke akapanda juu kwa matroni kuuliza, na matroni, mwanamke mwema asiyependa mambo marefu, akamwambia kwamba hiyo ni karatasi tu, kila mtu analeta, hata yule dereva wa gari la wagonjwa aliyefungiwa leseni aliileta, tena yenye mihuri miwili. Lakini alipobanwa alisema wazi. Mjumbe mmoja wa bodi alikuwa amesema kwamba chumba kile ni chumba ambacho mtu haonwi na mtu, kwa hiyo akae humo anayejua kwamba anaonwa.

Hoja yenyewe si ya kipumbavu, na Mama Mvuke alikiri hivyo akishuka ngazi. Ingekuwa ya kipumbavu angeicheka na kulala vizuri. Alikuwa anaitaka kazi ile, na hakuna haja ya kuizungushia maneno. Akipita mtu mwingine, yeye angerudi kwenye beseni la kusugulia, na ngozi ya mikono yake haikuwa tena ya beseni. Zaidi ya hapo, mkuu ndiye anayeamua jiko likae muda gani watu wa upasuaji wanapogonga dirisha wakitaka vyombo haraka, na kwa miaka minne uamuzi huo ulikuwa wake. Hakuona mtu wa kumwachia.

Alikuwepo mwombaji mmoja mwingine, mwenzake wa humohumo, ambaye walimwita Bwana Taratibu kwa sababu hakuwahi kuonekana akikimbia, hata siku waya wa jiko ulipotoa cheche. Bwana Taratibu alisali kwa wakati na alifunga mafurushi yenye pembe zilizonyooka. Alikuwa muumini wa nyumba ya ibada ya shemeji, na barua yake iliandikwa na shemeji huyohuyo kwa dakika tatu, na kila neno lake lilikuwa kweli.

Jumatatu jioni Mama Mvuke akapiga moyo konde, akaenda kwa mdogo wake. Alimkuta shemeji ukumbini akitia gundi mguu wa kiti. Karatasi ilikuwa imeshachapwa na hospitali. Kiongozi alitakiwa kujaza jina na kutia sahihi tu. Ilisema: Nathibitisha kwamba mwombaji ni muumini, anahudhuria ibada, na ni mtu wa kuaminika. Shemeji akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akaiweka gotini.

"Shemeji," akasema, "hili la mwisho nalitilia sahihi kwa mikono miwili. Haya mawili ya mbele nayafanyaje?"

"Ndilo nililokuja kukuuliza."

"Njoo ibada tatu tu. Kaa nyuma, karibu na mlango. Sitakuita mbele wala sitakutaja. Nitaandika kwamba unahudhuria, na nitakuwa nimesema kweli."

"Na huo uumini?"

"Huo niachie mimi na Mungu."

Mama Mvuke akaipima ile nafasi. Ilikuwa nafasi nzuri, imetolewa kwa roho safi, na haikumgharimu zaidi ya kukaa kwenye benchi. Alijiona kabisa amekaa pale, anasimama wengine wakisimama, anainamisha kichwa wengine wakiinamisha, na mjumbe wa bodi akisoma karatasi na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Akaona kwamba ili athibitishwe kuwa ni mtu wa kuaminika, ingebidi aanze kwa kudanganya.

"Nikija," akasema, "nitakuwa nimefuata karatasi. Na wewe utajua."

"Nitajua," shemeji akakubali.

Gundi ikaanza kukauka kwenye kijiti. Halafu shemeji akauliza jambo ambalo, inaonekana, alikuwa amelishikilia miaka mingi. Alitaka kujua, Mama Mvuke akiwa peke yake mle chini, amechoka, mashine inakorofisha na watu wanagonga dirisha, nini hasa kinamzuia asiwape tu furushi lilivyo. Hakuuliza kwa kumtega. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Sijui, shemeji," akajibu. "Sijawahi kutaka."

Shemeji akasema jibu hilo linamtia hofu kuliko kama angejibu vibaya, kwa sababu mtu asiyejua kamba iliyomshika atajuaje siku ikikatika. Mama Mvuke naye hakukaa kimya. Akamuuliza ni wangapi wanaijua kamba yao, wanaisoma kila wiki kwa sauti, na bado huikata. Shemeji akacheka, akasema ni wengi, na baadhi yao huwapangia viti yeye mwenyewe. Ila akasema hao wakishaikata wana mahali pa kurudi kuifunga. Na Mama Mvuke angerudi wapi? Mama Mvuke akatafuta jibu, akalikosa, na hakujifanya analo.

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni muda wote na sinia la chai.

"Mmoja hawezi kusema uongo kwa sababu ya Mungu," akasema, "na mwingine hawezi kusema uongo kwa sababu ya sijui nini. Na kazi inaondoka hivyohivyo mnatazamana."

Akageuka na sinia lake, akarudi jikoni. Chai hawakunywa. Mama Mvuke alikunja karatasi yake bila sahihi, akaaga. Alikuwa na hasira njiani, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakuwa na mtu wa kuielekezea.

Jumatano ndipo alipokosea. Asubuhi ile wagonjwa walikuwa wengi na vyombo vichache, na simu ya ukutani ikawa inalia kila baada ya dakika kumi. Alipakia jiko mwenyewe, mafurushi ishirini na manne, huku mawazo yake yakiwa ukumbini kwa mdogo wake. Mpiko ulipoiva, mistari ilikuwa myeusi sawasawa. Kwa kuwa dirisha lilikuwa linagongwa, akatoa tisa yakaenda juu kabla hajakagua kipimo, jambo ambalo mwenyewe alikuwa akiwagombeza wengine kwa kulifanya. Kisha akafungua furushi la katikati. Kikaratasi hakikuwemo. Akatia mkono mfuko wa aproni, akakikuta kimetulia humo, na rangi yake ileile ya mwanzo.

Mshale wa jiko ulikuwa umesoma vizuri tangu mwanzo hadi mwisho. Karibu hakika mafurushi yote yalikuwa safi. Kwenye droo kulikuwa na vipimo vya ziada vilivyobadilika rangi vya mpiko wa kwanza, na daftari lisingeuliza kimoja kilitoka wapi. Bwana Taratibu alikuwa juu. Siku mbili zilibaki kabla ya usaili. Yote hayo aliyaona kwa pamoja, jinsi mtu anavyoona vitu vilivyomo chumbani akiwasha taa.

Baadaye alijaribu sana kukumbuka aliwaza nini, akashangaa jinsi ilivyokuwa kidogo. Hakuwaza dhambi, wala adhabu, wala jina lake. Aliwaza tumbo. Tumbo la mtu, limepakwa dawa ya kahawia, limezungukwa na shuka ya kijani, halina uso wala umri. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika simu.

Juu kulikuwa na fujo. Daktari wa upasuaji alisema maneno ambayo si ya kuandikwa, na mgonjwa mmoja aliyekwisha kulazwa mezani akarudishwa wodini na njaa yake. Bwana Taratibu alishuka akisukuma toroli lenye mafurushi yote tisa, bila kukimbia. Alijua vizuri kwamba kosa lile lilikuwa zawadi kwake. Alivua saa, akakunja mikono ya shati, akaanza kufungua mafurushi pamoja naye ili yafungwe upya. Alipomaliza akasali sala yake ya mchana kwa kuchelewa. Mama Mvuke akakaa mezani, akaandika taarifa ya kosa kwa mkono wake, akaitia sahihi na kuipeleka kwa matroni.

Ijumaa usaili haukuchukua dakika kumi. Watu watatu walikaa nyuma ya meza wakiwa na mambo mawili juu yake: barua ambayo haikuwepo na taarifa ambayo aliiandika mwenyewe. Walimuuliza kama ana la kuongeza, akasema hana. Wiki iliyofuata Bwana Taratibu akawa mkuu wa chumba. Matroni alijaribu kumfariji, akamwambia kwamba ile taarifa asingeiandika mambo yangekuwa mengine, halafu akasikia alichokisema, akanyamaza.

Iliuma. Kuna watu ambao wangependa kusikia kwamba alitembea kichwa juu kwa sababu dhamiri yake ilikuwa nyeupe, lakini haikuwa hivyo. Alilia kwenye chumba cha shuka, akajiona mjinga, na kwa mwezi mzima hakwenda kwa mdogo wake, akisingizia miguu. Kisha akamfundisha Bwana Taratibu kujaza ratiba, kuagiza dawa na kusema "bado" kwenye simu ya ukutani bila kutetemeka. Bwana Taratibu alijifunza vizuri. Jioni Mama Mvuke alipaka mikono mafuta, asubuhi akarudi kwenye beseni, na mikono ikaendelea kubabuka.

Miezi saba ikapita hivyo. Siku moja saa nne asubuhi, Bwana Taratibu akafungua mlango akasema kuna mgeni wake. Koridoni alikuwa amesimama shemeji, amevaa gauni la wodini lililomfika magotini, koti lake la ibada juu yake na kandambili miguuni. Mama Mvuke alijua kwamba amelazwa, mdogo wake alikuwa amempigia simu. Ilikuwa ngiri, jambo la kawaida, na zamu yake ilikuwa kesho. Hakujua kwamba angeshuka mpaka huku.

Shemeji alimsubiri Bwana Taratibu aende mbali.

"Nimekuja na ombi la aibu," akasema. "Vyombo vyangu vya kesho, naomba uvifunge wewe."

Mama Mvuke akafuta mikono kwenye aproni. Kinyongo ambacho alidhani kimekwisha kikanyanyua kichwa.

"Mkuu wetu anafunga vizuri. Barua anayo."

"Najua anayo. Niliandika mimi."

"Sasa?"

"Sasa nimekuja kwako."

Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeogopa kisu, si wa kiongozi wa chochote. Mama Mvuke angeweza kumwacha atoke jasho. Alitamani hivyo kidogo, kisha hamu ikaisha. Akamwambia kwamba furushi halina jina la mgonjwa, na kwamba mafurushi yote anayafunga kwa namna moja, lake na la mtu ambaye hatamwona maisha yake yote. Shemeji akasikiliza hadi mwisho.

"Nilifikiri ungenifanyia japo kidogo zaidi," akasema.

"Rudi kitandani, shemeji. Koridoni kuna baridi."

Akaondoka, kandambili zikipiga sakafu, na Mama Mvuke akarudi ndani akamwambia mkuu wake kwamba leo atafunga yeye. Bwana Taratibu akampisha mezani.

Alikuwa amesema kweli kwamba furushi halina jina, lakini trei ya ngiri ina vyombo vyake, na kwenye ratiba ya kesho ngiri ilikuwa moja tu. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini na mbili, alijua furushi linamwendea nani. Alipanga koleo, akatazama meno yake kwenye mwanga. Alikunja kitambaa cha kwanza, akakunja cha pili, akabandika utepe. Kisha akabaki amelishika furushi mikononi, maana alimpenda yule mtu, na alitaka kumwongezea kitu. Akaligeuza upande huu na upande ule, akitafuta ni kipi ambacho huwafanyia wengine nusu ili huyu amfanyie chote. Alitafuta kwa moyo wote, akakikosa. Akaliweka kati ya mengine, akafunga mlango wa jiko.